Kabla ya Kitanda: Makazi na Shule kwa Watoto wa Mitaani

Anayetaka kuwasaidia watoto wa mitaani katika jiji kubwa kwa kawaida huanza na jengo. Hutafutwa nyumba, hununuliwa vitanda na magodoro, kisha gari hutumwa likawachukue watoto. Wiki chache baadaye vitanda vingi viko vitupu, na lawama humwangukia mtoto: ameizoea mitaa, hataki kusaidiwa. Lawama hiyo si ya haki. Mtoto hatoroki ovyo. Hutoroka katika nyakati ambazo kila aliyefanya kazi hii anazijua: usiku wa kwanza, siku hamu ya kunusa gundi inapompanda, mwisho wa wiki mji unapokuwa na pesa, mwanzo wa shule, na majuma ya kwanza baada ya kurudishwa kwa ndugu. Makazi na shule hufaulu pale nyakati hizo zinapoandaliwa mapema. Kitanda ni sehemu moja ya maandalizi hayo, tena si ya kwanza.

Maskani kwanza

Kabla ya kukodi nyumba, watu wawili waende mahali watoto wanaposhinda na kulala. Wawe wale wale wawili, siku zile zile, saa zile zile, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu hivi. Mmoja awe mwanamke. Wasibebe pesa za kugawa wala kamera. Wabebe mkoba wa huduma ya kwanza: glavu, shashi, bandeji, plasta, mkasi, dawa ya kuua vijidudu na maji safi ya kuoshea kidonda. Kidonda cha mguu ndicho hufungua mazungumzo. Mtoto aliyekuficha jina lake kwa mwezi mzima anaweza kukutajia kijiji cha mama yake wakati unamfunga bandeji, kwa sababu mikono yako ina shughuli na macho yako hayamkodolei.

Waende pia usiku wa manane na alfajiri kabla hapajapambazuka. Mchana watoto wote wanafanana: wanaokota chupa, wanabeba mizigo, wanaomba. Usiku ndio hutenganisha. Wapo wanaofanya kazi barabarani na jioni hurudi kwa wazazi. Wapo wanaolala nje peke yao au na kundi. Wapo wanaoishi nje pamoja na mama na wadogo zao. Makundi haya hayahitaji msaada mmoja. Mtoto anayerudi nyumbani kila jioni anahitaji mahitaji ya shule na mzazi anayesaidiwa kupata kipato. Ukimpa kitanda umevunja familia iliyokuwa bado imesimama. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake.

Wasichana huonekana wachache, na hapo wengi hudanganyika. Wengi wao hawako kando ya barabara. Wako vyumbani, wakifanya kazi za ndani bila mshahara au wakiwa chini ya mwanamume anayedai anawalinda. Hawafikiki kwa kupita tu. Hufikika kupitia kina mama wanaouza chakula usiku, wahudumu wa vyoo vya kulipia na wauguzi wa zahanati, na wanahitaji mahali pao pa kwenda pasipo na wavulana wanaowajua.

Kila kundi lina mkubwa wake, naye asirukwe. Mara nyingi ndiye anayepokea sehemu ya kila kinachopatikana. Mtoto akitoweka ghafla kuelekea kituoni, mkubwa amepoteza kipato, na mtoto akirudi maskani hata kwa saa moja atapigwa. Zungumza naye waziwazi, mwambie unafanya nini na saa ngapi utakuja. Usimlipe. Kumbuka pia kwamba ana miaka kumi na saba au kumi na minane, na naye aliingia mtaani akiwa mdogo.

Jambo moja wafanyakazi wote walijue kabla ya kutoka: mtoto aliyenusa gundi au petroli hakimbizwi. Mvuke wa vitu hivyo, ambao katika gundi nyingi una kemikali iitwayo toluini, huufanya moyo ushtuke kupita kiasi mwili unapojaa hofu. Akikimbizwa au akitishwa ghafla, mapigo yanaweza kuvurugika akafa pale pale. Usimpokonye chupa kwa nguvu. Mkalishe penye hewa, sema naye taratibu, na akisinzia mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Hii ni sababu mojawapo ya kupinga misako ya kuwazoa watoto kwa magari. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla namba 21 ya mwaka 2017, iliitaka serikali kuachana na ukamataji wa namna hiyo na kumchukulia mtoto wa mtaani kama mwenye haki, si uchafu wa kufagiwa wala mhitaji asiye na sauti.

Mahali pa mchana

Hatua ya pili ni nyumba ya mchana isiyolaza mtu. Lango liwe wazi kutoka asubuhi hadi jioni, na mtoto aingie na kutoka apendavyo. Ndani pawe na maji ya kuoga, beseni na sabuni ya kufulia, nguo za kubadili wakati zake zinakauka, mlo mmoja, muuguzi kwa siku zinazojulikana, na saa moja ya darasa. Pawe pia na chumba chenye mikeka ya kulalia. Wageni hushangaa kuona watoto wamelala saa nne asubuhi, lakini mtoto wa mtaani usiku hulala jicho moja, na asiyelala hafundishiki.

Kitu kidogo chenye nguvu kuliko vyote hapa ni sanduku. Kila mtoto apewe kasha lenye kufuli na ufunguo wake mwenyewe. Mtaani hana cha kwake kinachobaki hadi kesho: shati huibwa akiwa usingizini, pesa hunyang'anywa. Mwenye kasha ana sababu ya kurudi kesho. Mfanyakazi asilifungue mtoto asipokuwepo, hata kwa nia njema. Gundi na visu viachwe langoni kwenye ndoo yenye namba, na katika hatua hii mtoto akitoka arudishiwe gundi yake. Jambo hili huwaumiza wafadhili kulisikia. Lakini ukimnyang'anya leo, kesho hatakuja, na chupa nyingine ataipata kabla jua halijazama. Kisu ni suala tofauti: hakirudishwi, naye huambiwa hivyo kabla hajakikabidhi.

Mpangilio huu wa ngazi una historia ndefu. Huko Bogotá, Kolombia, kuanzia miaka ya 1970, Javier de Nicoló, padre wa shirika la Kikatoliki la Wasalesiani, alijenga mpango ambao mtoto alianza kwa kufika mchana, kuoga, kula na kuondoka, kisha akapanda hatua moja baada ya nyingine kwa uamuzi wake mwenyewe, hadi kufika mahali ambapo vijana walichaguana viongozi na kuendesha mambo yao. Jambo la kuiga hapo ni uamuzi. Aliyeomba mwenyewe kulala ndani hukaa. Aliyebebwa huhesabu madirisha.

Ni mtoto gani sasa aitwe kulala? Aliye chini ya miaka kumi, msichana, mgonjwa, na yule aliyeingia mtaani wiki hii. Huyu wa mwisho ndiye wa haraka kuliko wote. Ana ndugu wanaomtafuta, bado hajazoea gundi, na hajawa na deni kwa mkubwa yeyote. Anayefika kituo cha mabasi leo akapokelewa leo anaweza kuwa nyumbani ndani ya siku chache, kwa hiyo mfanyakazi wa kudumu stendi huokoa kazi ya miaka.

Bweni

Nyumba iwe ndogo. Watoto ishirini katika nyumba ya kawaida ni bora kuliko mia moja katika jengo kubwa lenye bango. Miongozo ile ya 2009 inataka vituo viwe vidogo na vifanane kadiri iwezekanavyo na familia. Kwa vipimo, viwango vya Sphere vinavyotumika katika misaada ya dharura hutoa kima cha chini: mita za mraba 3.5 za kuishi kwa kila mtu bila kuhesabu jiko, lita 15 za maji kwa siku, choo kimoja kwa watu 20. Hicho ni cha dharura. Nyumba ya kuishi ilenge juu zaidi, hasa kwa vyoo, maana watoto ishirini huamka pamoja. Milango ya kutokea ifunguke kwa nje, na usiku isifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja. Penye madirisha ya nondo, kila chumba kiwe na angalau dirisha moja ambalo aliye ndani anaweza kulifungua akatoka. Moto bwenini hauui kwa sababu ya moto peke yake; huua kwa sababu ya kufuli.

Wavulana na wasichana wakae nyumba tofauti, na walio chini ya miaka kumi na miwili wasilale chumba kimoja na waliofika kumi na tano. Mambo ya mtaani huingia na watoto: kumtumikisha mdogo, kumnyang'anya chakula, kumwingilia usiku. Ndiyo maana zamu ya usiku ni ya walezi wawili, walio macho, wanaopita vyumbani kwa saa zisizotabirika na kuandika kwenye daftari la zamu. Mlezi mmoja haitoshi hata kama ni mtakatifu, kwa sababu mtoto mmoja akiugua, wengine kumi na tisa hawana mtu. Kila anayeajiriwa, mpishi na mlinzi wakiwemo, apekuliwe rekodi zake na apigiwe simu mwajiri wake wa zamani. Mgeni wa kujitolea kwa wiki mbili asikabidhiwe malezi. Apewe ukarabati, hesabu za ofisi au kufundisha wafanyakazi, ili watoto wasijifunze tena na tena kwamba kila mtu anayewapenda huondoka.

Usiku wa kwanza, tarajia mtoto kulala sakafuni, mgongo ukutani, viatu chini ya kichwa na kipande cha chakula ndani ya shati. Mwache. Taa ya ukumbini iwake, mlango wa chumba uwe wazi, aonyeshwe choo kilipo na mlezi anakokaa. Chakula kilichofichwa kikikutwa asubuhi, kiondolewe bila neno na apewe kingine. Desturi hiyo huisha yenyewe akishaona kwa wiki kadhaa kwamba mlo haukosi. Usimnyoe kwa lazima, na nguo zake usizichome mbele yake.

Kukojoa kitandani kutakuwepo, hata kwa wa miaka kumi na minne. Godoro livikwe plastiki imara chini ya shuka, shuka safi ziwekwe mahali mtoto anapoweza kujichukulia usiku bila kuomba, na beseni la zilizolowa liwe chooni. Kumwanika mtoto pamoja na godoro lake uani ni njia ya uhakika ya kumrudisha mtaani.

Upele nao utakuwepo, na hutibiwa vibaya karibu kila mahali. Kosa ni kumtibu anayejikuna peke yake. Chumba kizima hutibiwa usiku mmoja, walezi wao pamoja, kwa dawa na kipimo alichoandika mhudumu wa afya. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hupakwa kuanzia shingoni hadi vidoleni, katikati ya vidole na chini ya kucha, ikaachwa usiku kucha, kisha ikarudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Asubuhi yake shuka na nguo zote hufuliwa kwa maji ya moto. Kisichofulika hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku 3 au zaidi, kwa sababu vimelea vya upele havidumu mbali na ngozi. Muwasho unaweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne baada ya vimelea kufa. Asiyejua hili hudhani dawa imeshindwa, akapaka tena na tena mpaka ngozi ikachubuka.

Gundi haina dawa ya kuiondolea hamu. Siku za kwanza bila gundi huja na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na hasira za ghafla. Kinachosaidia ni mlo mdogo mara nyingi, maji, mpira jioni hadi mwili uchoke, kazi ya mikono, na mlezi anayekaa naye saa zile hamu inapopanda. Anayeteleza asifukuzwe. Alale chumba cha pembeni chenye hewa, akiangaliwa, na mazungumzo yawe kesho akiwa timamu. Kituo kinachomfukuza kwa kosa la kwanza hubaki na watoto waliohitaji msaada kidogo kuliko wote.

Darasa

Mtoto asipelekwe shule wiki ya kwanza kwa ajili ya picha. Apimwe kwanza, na kipimo hakihitaji mtihani wa saa mbili. Shirika la Pratham la India limesambaza kipimo kifupi cha kusoma ambacho mwalimu yeyote anaweza kukiandaa kwa lugha ya shule: karatasi moja yenye herufi, maneno, aya fupi ya sentensi nne na hadithi fupi. Mtoto huanza na aya. Akiisoma vizuri apewe hadithi; akikwama apewe maneno matano, akikosa apewe herufi tano, na kupata nne kati ya tano ni kufaulu hatua hiyo. Dakika tano zinatosha. Kisha hupangwa kwa kiwango, umri ukiachwa pembeni wakati wa kusoma: wa miaka tisa na wa kumi na tatu wanaweza kukaa pamoja kwenye herufi. Kila mwezi wapimwe tena na wahamishwe kundi.

Hesabu ni tajiri zaidi, na hapa walimu hupoteza hazina. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kutoka Recife, Brazili, uliwafuata watoto 5 wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza barabarani na sokoni. Walipoulizwa hesabu katika biashara yao, walipata asilimia 98. Walipoketishwa na kupewa namba hizo hizo, wakapata asilimia 74 zikiwa maswali ya maneno na asilimia 37 zikiwa tarakimu tupu. Kwa hiyo anza na chenji. Muulize mteja akinunua vitu vinne vya bei moja akatoa noti kubwa, unamrudishia ngapi. Atajibu kabla hujamaliza. Mwombe aeleze alivyofanya, uandike hatua zake ubaoni jinsi alivyozitaja, kisha mwonyeshe kwamba kujumlisha na kutoa kwa safu ni njia nyingine ya kufika pale pale. Anayegundua kwamba tayari anajua hesabu huacha kuiogopa shule.

Darasa hili la maandalizi lianze kwa saa moja na nusu kwa siku, liongezeke polepole hadi urefu wa siku ya shule. Kukaa kitini ni kazi inayojengwa kama pumzi ya mkimbiaji. Watoto wengine watakuwa tayari kwa miezi mitatu, wengine mwaka. Aliyekwisha kuvuka miaka kumi na hajasoma kabisa asiingizwe darasa la kwanza kati ya watoto wa miaka sita. Ataona aibu na ataondoka. Anayemfaa ni mpango wa elimu ya haraka, ule unaobana mtaala wa msingi, kwa mfano miaka sita ndani ya mitatu, na kuishia kwenye mtihani unaotambuliwa na serikali. Hilo la mtihani lihakikishwe kabla ya kumwandikisha. Aliyefika miaka kumi na sita mara nyingi anahitaji ufundi pamoja na kusoma, na ufundi uchaguliwe kwa kuuliza karakana zinaajiri nani.

Cheti cha kuzaliwa kianze kutafutwa siku ya kwanza, maana huchukua muda kuliko kitu kingine chochote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 7, unampa kila mtoto haki ya kusajiliwa mara tu anapozaliwa, lakini ofisini huulizwa jina la mama, mahali na tarehe. Mtoto ambaye hajui tarehe huenda anajua mvua, sikukuu au mdogo wake aliyefuata. Mkuu wa shule aombwe kumpokea kwa barua ya afisa ustawi wa jamii wakati cheti kinashughulikiwa, na mara nyingi hukubali akielezwa vizuri.

Siku ya kuingia shule, wagawanywe: wawili au watatu kwa darasa, katika shule kadhaa. Ukiwapeleka kumi na watano pamoja, darasa litawaita kwa jina moja na kila kinachopotea kitakuwa mikononi mwao. Wasishushwe na gari lenye nembo ya kituo. Sare, begi na viatu viwe kama vya wenzao. Mwalimu wa darasa aambiwe yale tu anayohitaji: kwamba mtoto ana pengo la kusoma, kwamba makelele ya ghafla humshtua, na nani wa kupigia simu. Historia yake ya mtaani ni mali yake. Mlezi mmoja afike shuleni kila wiki katika muhula wa kwanza, na asiyeonekana darasani hadi saa tatu asubuhi atafutwe siku ile ile, kuanzia maskani yake ya zamani.

Nyumbani kwao

Wengi wana mzazi au ndugu aliye hai, na nyumba ya kituo haiwezi kuchukua nafasi ya mtu wao. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, kwa watoto wadogo 136 waliokuwa katika taasisi, ulionyesha kwamba waliohamishiwa familia za malezi walikua vizuri kuliko waliobaki, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto wa mtaani ni mkubwa kuliko hao, lakini mwelekeo ni huo.

Kumrudisha kuna utaratibu. Kwanza mfanyakazi aende peke yake kuiona nyumba, kujua kwa nini mtoto aliondoka, na kama aliyempiga au kumnajisi bado yumo. Akiwa yumo, atafutwe shangazi, bibi au mjomba. Kisha mtoto aende kutembea na kurudi, mara moja au mbili. Nafasi shuleni ipatikane huko kabla hajahama, maana siku za kukaa bure nyumbani ndizo humwelekeza njia ya stendi. Baada ya kuhamia, afuatiliwe wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na mazungumzo mengine yawe na mtoto peke yake, mbali na masikio ya watu wazima. Anayekimbia tena apokelewe tena, na safari ianze na swali la nini kimebadilika pale nyumbani.

Pesa za ufuatiliaji huo ndizo hukatwa kwanza bajeti inapobana, kwa sababu mfadhili huona jengo na haoni nauli. Mshahara wa mlezi wa usiku nao ni mgumu kuuombea. Kabla ya kumlaza mtoto wa kwanza, weka akiba ya gharama za miezi sita, mishahara ikiwemo. Idadi ya watoto ipangwe kwa walezi unaoweza kuwalipa mwaka mzima, hata kama vitanda vilivyotolewa ni vingi zaidi. Na ikibidi kufunga, afisa ustawi wa jamii ajulishwe miezi mitatu kabla, kila mtoto apate mpango wake ulioandikwa, na ndugu wa tumbo moja wahamie pamoja.